Demosthenes, Yatima Aliyejifunza Kusema

Katika kila mkutano wa wazazi, katika kila baraza la kijiji na kila kikao cha ukoo kinachogawa mali ya marehemu, wako watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule ajuaye ukweli wa jambo lakini hawezi kulisema. Huinuka, hutetemeka, huyameza maneno yake, kisha huketi, na shauri lake jema likapotea. Wa pili ni yule asiyejua sana, ila ulimi wake ni mwepesi. Naye ndiye asikilizwaye. Mkutano ukiisha watu huenda zao wakisema kwamba usemi ni kipaji: aliyepewa amepewa, na aliyenyimwa heri anyamaze.

Sisi twaona kwamba maneno hayo yana hatari, kwa sababu huwafunga vinywa watu wema. Ndiyo maana juma hili twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyenyimwa karibu kila kitu ambacho msemaji huhitaji, lakini watu wa kale wakamhesabu kuwa mkuu wa wasemaji wote wa Ugiriki. Jina lake ni Demosthenes wa Athene. Habari zake twazipata katika hotuba zake mwenyewe, ambazo nyingi zimehifadhiwa mpaka leo, na katika maandiko ya Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha yake yapata miaka 400 baada ya kufa kwake.

Demosthenes alizaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo. Baba yake, ambaye naye aliitwa Demosthenes, alikuwa mtu wa mali. Alikuwa na karakana mbili, moja ya kutengeneza visu na panga, nyingine ya kutengeneza vitanda, na kama ilivyokuwa desturi mbaya ya zamani zile, kazi ilifanywa na watumwa. Mtoto alipokuwa na miaka 7 baba akafariki, akaacha mjane, mvulana huyo na binti wa miaka 5. Aliacha pia mali ya talanta zipatazo 14, yaani zaidi ya kilo 350 za fedha.

Kabla ya kufa marehemu aliwaita watu watatu awaaminio, akawakabidhi watoto na mali. Wawili walikuwa wapwa zake, Aphobus na Demophon. Wa tatu, Therippides, alikuwa rafiki yake tangu ujana. Aphobus alipewa mahari akamwoe mjane. Demophon alipewa mahari ya yule binti, apate kumwoa atakapokua. Basi wote watatu wakazipokea fedha, lakini hakuna aliyetimiza alichoagizwa. Mjane hakuolewa. Karakana zikadhoofika, vitu vikauzwa, hesabu hazikuonekana. Hata walimu wa mtoto hawakulipwa ada zao. Miaka 10 ilipopita, naye Demosthenes akawa mtu mzima kwa sheria ya Athene, alikabidhiwa nyumba, watumwa wachache na fedha kidogo. Kwa hesabu yake mwenyewe, hata sehemu moja katika kumi ya urithi wake haikufika mikononi mwake.

Habari za namna hii si ngeni kwetu. Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuona ng'ombe, shamba au nyumba ya marehemu ikiliwa na wale walioapa juu ya kaburi kwamba wataitunza. Na wamekwisha kuona pia jinsi yatima anavyoshindwa si kwa kuwa hana haki, bali kwa kuwa hana maneno.

Katika Athene jambo hili lilikuwa zito kupita kwetu, maana huko mtu hakuwa na wakili wa kusimama mahali pake. Mwenye kesi alisimama mwenyewe mbele ya raia mia kadhaa waliochaguliwa kwa kura wawe waamuzi. Alipimiwa muda kwa chombo cha maji yaliyokuwa yakitiririka, na maji yakiisha, maneno yake nayo yakaisha. Kijana Demosthenes alijua kwamba asipojifunza kusema mali ya baba yake imekwenda. Akamwendea Isaeus, mwalimu aliyesifika kwa kesi za urithi. Mwaka 364 kabla ya Kristo, akiwa na umri upatao miaka 20, alimshitaki Aphobus. Alihesabu mbele ya waamuzi kila kitu alichoacha baba yake, akaleta mashahidi, akaonyesha kilichokwenda wapi na kwa mkono wa nani. Aphobus akaamriwa alipe talanta 10.

Ingekuwa hadithi ya kutungwa, ingeishia hapo kwa furaha. Lakini Aphobus alitumia hila na jamaa zake kuzificha mali, na Demosthenes alipata sehemu ndogo tu ya alichoamriwa kulipwa. Hata hivyo alikuwa amejifunza jambo moja: neno lililotayarishwa vema, lenye hesabu na ushahidi, laweza kumsimamisha mnyonge mbele ya wakubwa. Tangu hapo akawa akipata riziki yake kwa kuwaandikia wengine hotuba za kusema katika kesi zao.

Lakini kuandika si kusema. Aliposimama mara ya kwanza mbele ya mkutano mkuu wa raia wa Athene, maelfu ya watu wakiwa wameketi mlimani, mambo yalimharibikia. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Pumzi ilimwishia katikati ya sentensi, hata maana ikakatika. Sentensi zenyewe zilikuwa ndefu na zimesokotana kama kamba iliyoingia fundo. Tena alikuwa na kithembe. Yasemekana hakuweza kuitamka vema herufi R, ambayo kwa Kigiriki ndiyo herufi ya kwanza ya jina la elimu ile ile ya usemi aliyokuwa akiisomea. Watu wakapiga kelele, wakamcheka, akashuka.

Plutarch atusimulia kwamba alipokuwa akitangatanga bandarini kwa huzuni, mzee mmoja aitwaye Eunomus alimkemea. Alimwambia kwamba usemi wake wafanana na ule wa Pericles, kiongozi mkuu wa Athene wa zamani, ila anauharibu kwa woga na uvivu, kwa kuwa haufanyi mwili wake uwe tayari kwa mapambano hayo. Mara nyingine, aliposhindwa tena na kurudi nyumbani amejifunika uso, rafiki yake Satyrus, mchezaji wa michezo ya kuigiza, alimfuata. Satyrus alimwomba akariri kipande cha shairi la mchezo. Demosthenes akakariri. Kisha Satyrus akakirudia kipande kile kile kwa sauti, uso na mikono inayopatana na maneno, na Demosthenes akaona kana kwamba ni shairi jingine kabisa. Hapo akatambua kwamba alikuwa ametayarisha maneno tu, na mtu mwenyewe hajatayarishwa.

Twaomba wasomaji waangalie vema alichofanya baada ya hapo. Hakujiambia kwamba anahitaji moyo mkuu tu. Alizitenga kasoro zake moja moja, na kila kasoro akaitafutia dawa yake. Kithembe na matamshi yaliyofifia aliyatibu kwa kusema huku ameweka vijiwe kinywani, ili ulimi ulazimike kufanya kazi. Hilo hatumshauri mtoto yeyote aliige, maana kokoto zaweza kumsonga. Lakini aweza kusoma kwa sauti, polepole, akikifungua kinywa na kulitamka neno mpaka silabi ya mwisho. Upungufu wa pumzi aliutibu kwa kukariri mistari bila kupumzika huku akikimbia au kupanda mlima. Sauti nyembamba, kama wengine wasimuliavyo, aliizoeza ufukweni, akishindana na ngurumo ya mawimbi, ili makelele ya mkutano yasimtishe. Ishara za mwili alizitazama katika kioo kikubwa nyumbani mwake.

Tena alijichimbia chumba chini ya ardhi, akawa akishuka humo kila siku kujizoeza. Mara nyingine alikaa huko miezi miwili au mitatu mfululizo, akiwa amenyoa nusu moja ya kichwa, ili aone aibu kutoka hata akitamani. Huenda tukacheka. Lakini ni nani kati yetu asiyejua jinsi azimio la Jumatatu linavyosahauliwa Jumatano? Demosthenes aliujua udhaifu wake, akajifungia mlango kabla haujamtoroshea kazi.

Alipokwisha kuwa maarufu hakuacha kujitayarisha. Hakupenda kuinuka na kusema ovyo. Mara nyingi watu walimwita kwa jina katika mkutano, naye akabaki ameketi kwa kuwa hakuwa amelifikiria jambo lile. Msemaji mwenzake, Pytheas, alimdhihaki kwamba hoja zake zanuka utambi wa taa, yaani zimetungwa usiku kucha. Demosthenes hakuona haya. Alijibu kwamba taa yake na taa ya Pytheas hazikuangaza kazi za namna moja. Naye aliamini kwamba mtu ajitayarishaye kabla ya kusema ndiye awaheshimuye watu wake, na kwamba asiyejali watakavyoyapokea maneno yake ni mtu ategemeaye nguvu kuliko kukubaliwa.

Maneno haya tungependa yatafakariwe na kila mtu ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya wengine, awe mwalimu, mwenyekiti, katekista au mhubiri. Saa moja ya maneno yasiyotayarishwa mbele ya watu 200 ni saa 200 zilizochukuliwa katika maisha ya watu wenye kazi zao.

Wakati huo kulikuwa na jambo kubwa la kusema. Kaskazini ya Ugiriki, Philip alikuwa ametawala Makedonia tangu mwaka 359 kabla ya Kristo, naye aliuteka mji mmoja baada ya mwingine, mara kwa vita, mara kwa fedha, mara kwa ahadi. Mwaka 351 Demosthenes alianza kuwaonya watu wake waziwazi. Hakuwabembeleza. Aliwaambia kwamba Philip amekua kwa sababu ya uzembe wao, kwamba wanaukimbilia kila mji baada ya kupotea, kama mpigana ngumi asiyejua kazi ambaye huweka mkono pale alipokwisha kupigwa. Aliwaeleza merikebu ngapi zinahitajika, askari wangapi, na gharama zake. Watu walimsikiliza, wakamsifu, wakachelewa. Mwaka 348 mji rafiki wa Olynthus ukaangamizwa.

Asidhani mtu kwamba woga ulikuwa umemwacha kabisa. Mwaka 346 alipelekwa pamoja na wajumbe wengine mbele ya Philip mwenyewe. Adui yake Aeschines, aliyekuwa mmoja wa wajumbe, alisimulia baadaye kwamba Demosthenes alianza kusema, akapotewa na maneno, akanyamaza, hata mfalme akamtia moyo kwa upole, lakini hakuweza kuendelea. Msimulizi alikuwa adui, basi yawezekana ameongeza chumvi. Hata hivyo kijana ambaye magoti yake hugongana akiitwa mbele ya darasa na ajue kwamba jambo hilo lilisimuliwa juu ya mkuu wa wasemaji, alipokuwa karibu na umri wa miaka 40. Wala hakuacha kusema kwa sababu ya siku ile moja.

Siku iliyopima kazi yake yote ilifika mwaka 339. Jioni mjumbe aliingia Athene na habari kwamba Philip ameuteka mji wa Elatea, na njia ya kusini i wazi mbele yake. Usiku ule mji haukulala. Alfajiri raia walikuwa wamekwisha kujaa mlimani. Mpiga mbiu akauliza ni nani apendaye kusema. Hakuinuka mtu. Akauliza tena na tena. Majemadari walikuwapo, wasemaji wote wa mji walikuwapo, na wote wakakaa kimya. Ndipo Demosthenes akasimama. Kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, siku ile haikumhitaji mtu mwenye mali wala mwenye mapenzi mema tu, bali yule aliyeyafuata mambo tangu mwanzo na kujua kusudi la Philip. Akawashauri wasahau ugomvi wao wa zamani na Thebes, walipeleke jeshi mpaka Eleusis, watume wajumbe 10 kufanya urafiki na Wathebes mara moja, pasipo kuwadai kitu. Mkutano ukakubali. Yeye mwenyewe akaenda Thebes na wenzake, na maadui wa jana wakawa ndugu wa vita.

Hapa twaona siri ya maisha yake kuliko katika vijiwe na mawimbi. Sauti haikumsaidia siku ile kama ujuzi wa jambo. Wengine nao walikuwa na sauti, tena nzuri kuliko yake, lakini walikosa la kusema.

Mwaka 338 majeshi ya Athene na Thebes yalishindwa na Philip huko Chaeronea. Demosthenes alikuwa miongoni mwa askari wa miguu, na maadui zake walimlaumu kwamba alikimbia. Lakini watu wa Athene walimchagua yeye awaage wafu wao kwa hotuba ya maziko. Mwaka 336 raia mmoja, Ctesiphon, alipendekeza Demosthenes avikwe taji la heshima kwa utumishi wake. Aeschines akapinga kwa mashitaka, na kesi ikasikilizwa mwaka 330. Aeschines alikuwa na kila alichonyimwa mwenzake: sauti nzuri, umbo la kupendeza, na mazoea ya jukwaani, maana ujanani alikuwa mchezaji wa michezo ya kuigiza. Demosthenes alijibu kwa kuyahesabu matendo yake yote mbele ya watu, akaeleza kwamba shauri jema haliwi baya kwa sababu tu vita vimeshindwa. Aeschines hakupata hata sehemu moja katika tano za kura, akauhama mji.

Laiti tungeweza kukomesha habari hapo. Lakini haifai kuandika maisha ya mtu na kuficha upande mmoja. Mwaka 324 alikuja Athene Harpalus, mtunza hazina wa Alexander, amekimbia na fedha za bwana wake. Fedha hizo ziliwekwa akiba mjini, na zilipohesabiwa baadaye nusu haikuonekana. Demosthenes alishitakiwa kwamba amepokea talanta 20. Akaonekana ana hatia, akatozwa faini ya talanta 50, akafungwa kwa kushindwa kulipa, akatoroka. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama kweli alizila. Lakini watu walisimulia kwa dhihaka kwamba siku ile alipotakiwa kusema juu ya Harpalus alifika mkutanoni amejifunga vitambaa shingoni, akionyesha kwa ishara kwamba koo lamwuma. Iwe kweli au uzushi, hadithi hiyo ni ya kusikitisha: mtu aliyeshindana na bahari ili apate sauti, ikasemwa kwamba sauti hiyo imezibwa kwa fedha. Mtu aweza kuufunza ulimi wake miaka 40, na fedha ya siku moja ikamwondolea imani ya wasikilizaji.

Alexander alipokufa mwaka 323, Waathene walimrudisha Demosthenes kwa heshima, wakampelekea merikebu. Mwaka uliofuata Wagiriki walishindwa tena, na Antipater wa Makedonia akataka wasemaji waliompinga. Demosthenes alikimbilia kisiwa cha Calauria, katika hekalu. Askari walipomfikia alikunywa sumu aliyokuwa ameificha, akafa mwaka 322 kabla ya Kristo. Miaka 42 baadaye Waathene walimsimamishia sanamu sokoni.

Basi sisi tutachukua nini kwake? Kwanza, tusiseme tena kwamba usemi ni wa waliozaliwa nao. Una sehemu zake, na kila sehemu hufunzwa: pumzi, matamshi, sauti, uso na mikono, sentensi fupi zinazoeleweka. Atakaye kusema katika mkutano na aandike mambo yake kwanza, ayapange, ayaseme kwa sauti nyumbani mara tano au kumi, tena mbele ya mtu ampendaye kiasi cha kumwambia kasoro zake. Demosthenes alipata wawili wa namna hiyo, mzee na mwigizaji, na bila wao angalibaki mwandishi wa hotuba za wengine.

Pili, alijue jambo lenyewe. Afike na hesabu, majina, siku na mashahidi, kama yatima yule mbele ya waamuzi.

Tatu, wazazi waanze na watoto wao. Mtoto anyamazishwaye kila aulizapo, atapata wapi siku moja ulimi wa kusema mbele ya baraza? Jioni baada ya chakula mwacheni asimulie aliyojifunza shuleni, na asikatizwe mpaka amalize. Asome kwa sauti, wakubwa wakisikiliza. Wasichana wapewe zamu sawasawa na wavulana, maana katika vikao vya mirathi mara nyingi mjane na binti ndio wanaodhulumiwa kwanza.

Na yule ambaye amekwisha kujaliwa ulimi mwepesi na aikumbuke nyumba ile ya Athene: mjane, watoto wawili, na watu watatu wazima waliokuwa wakijua kuongea vizuri. Katika kila kijiji chetu yuko mtoto ambaye mali ya baba yake yaliwa sasa hivi, wala bado hajajifunza kusema. Kikao cha ukoo kitakapokaa, na asimame anayeweza, amsemee.